Droni Inaona Ardhi Kiasi Gani? Hesabu ya Picha za Angani kwa Wakazi wa Hadado na Wadi Jirani

Droni ikipaa kando ya silanga, watoto huacha mbuzi na kukimbia kuitazama, na wazee walio chini ya mti hubaki wakibishana. Mmoja husema kifaa hicho kinaona kila boma kuanzia Hadado hadi Wajir mjini. Mwingine husema hakioni zaidi ya pale kilipo. Wote wawili wamekosea, na ukweli uko karibu zaidi na yule wa pili.

Ubishi huo una uzito. Picha za droni siku hizi hutumiwa kupima silanga, kuhesabu mifugo, kukagua malisho na kuonyesha hasara ya ukame au mafuriko. Timu inaposhusha droni yake na kusema imepiga picha “eneo lote”, neno hilo linaweza kuingia kwenye ripoti, na ripoti ikaingia kwenye kikao kinachoamua ni kijiji kipi kitapata maji ya magari, chakula cha mifugo au kisima kipya. Eneo ambalo halikuonekana halihesabiwi. Habari njema ni kwamba madai hayo yanaweza kupimwa na mkazi yeyote kwa hesabu ya shule ya msingi: kuzidisha na kugawanya.

Dirisha la kadibodi

Jaribio la kwanza halihitaji droni. Katika kipande cha kadibodi, katwe dirisha lenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10. Mtu alishike sentimita 10 mbele ya jicho moja, afumbe jicho la pili, kisha asimame mita 2 kutoka kwenye ukuta. Kupitia dirisha hilo ataona kipande cha ukuta chenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Akirudi nyuma hadi mita 4, ataona mita 6 kwa mita 4. Umbali umeongezeka mara mbili, lakini eneo limetoka mita mraba 6 hadi 24, yaani mara nne.

Kamera ya droni hufanya kazi hiyo hiyo. Ndani yake mna kijibamba kidogo kinachopokea mwanga, na mbele ya kijibamba hicho kuna lenzi. Katika droni ya DJI Phantom 4 Pro, ambayo imetumiwa sana na wapimaji wa ardhi, kijibamba kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8. Urefu wa lenzi, yaani umbali unaohesabiwa kati ya lenzi na kijibamba, ni milimita 8.8. Gawanya 13.2 kwa 8.8, jibu ni 1.5. Gawanya 8.8 kwa 8.8, jibu ni 1. Basi kamera hiyo ikitazama chini moja kwa moja, upana wa ardhi inayoonekana ni kimo cha droni mara 1.5, na urefu wake ni sawa na kimo chenyewe. Ni dirisha lile lile la kadibodi, ila limepandishwa angani.

Kwa kimo cha mita 30, picha moja inachukua mita 45 kwa mita 30, ambayo ni kama theluthi ya ekari. Kwa mita 60 inachukua mita 90 kwa 60, ekari moja na kidogo. Kwa mita 120 inachukua mita 180 kwa 120, yaani mita mraba 21,600, au ekari 5 na ushei. Hilo ni eneo la viwanja vitatu vya mpira vikiwekwa pamoja. Hapo ndipo mwisho wa picha moja ya kutazama chini, hata kama droni inaonekana iko mbali sana mawinguni.

Kamera nyingine zina uwiano mwingine. Lenzi ya kuvuta karibu huona eneo dogo kwa undani zaidi: uwiano ukishuka kutoka 1.5 hadi 0.75, picha ya kimo cha mita 120 itachukua mita 90 kwa 60 tu, robo ya ile ya kwanza. Kwa hiyo kujua kimo peke yake hakutoshi. Rubani lazima aseme pia ni kamera gani, na rubani anayeijua kazi yake huwa na takwimu hizo.

Kwa nini wasipande juu zaidi?

Swali hilo huulizwa mara nyingi, nalo lina majibu mawili. La kwanza ni sheria. Kanuni za Kenya za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Safari za Ndege ya Kenya, KCAA, zimeweka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi, ambazo ni kama mita 120, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ndege zenye watu hupita juu, na Wajir ina uwanja wa ndege unaotumika.

Jibu la pili ni kwamba kupanda kunapunguza undani. Picha ya kamera iliyotajwa hapo juu ina nukta 5,472 kwa upana na 3,648 kwa urefu. Mafundi huziita pikseli. Idadi hiyo haiongezeki droni inapopanda. Nukta zile zile hutandazwa juu ya ardhi kubwa zaidi. Kwa mita 30, nukta moja hufunika ardhi ya sentimita 0.8. Kwa mita 120 hufunika sentimita 3.3. Kama droni ingeruhusiwa kufika mita 480, eneo la picha lingekuwa mara 16 ya lile la mita 120, lakini kila nukta ingefunika sentimita 13.

Mfugaji ataelewa maana ya tofauti hiyo akifikiria mifugo yake. Ngamia mwenye mwili wa mita 3, akipigwa picha kutoka mita 120, huchukua nukta 90 hivi kwa urefu, na kivuli chake cha asubuhi humtambulisha hata zaidi. Mbuzi wa mita moja huchukua nukta 30. Kondoo wa Kisomali, mwenye mwili mweupe na kichwa cheusi, hutofautiana na mbuzi mweupe kwa kile kichwa, ambacho kwa kimo hicho ni nukta sita tu za giza. Kutoka mita 480 kichwa hicho kingebaki nukta moja au mbili, na hapo anayehesabu angekuwa anakisia. Alama ya ukoo iliyochomwa kwenye ngozi, ubavu uliokonda, kikohozi: hivyo havionekani katika picha hizi, na daktari wa mifugo bado anahitajika kutembea hadi bomani.

Saa ya kupiga picha pia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Adhuhuri, mbuzi na kondoo hujibanza chini ya migunga, na droni haioni kilicho chini ya mti. Timu inayofika saa sita mchana ikahesabu wanyama wachache haijapata mifugo michache. Imepata mifugo iliyojificha jua. Wakati mzuri ni asubuhi, mwanga ukishatosha na kabla ya milango ya boma kufunguliwa. Joto la mchana na upepo wake pia humaliza betri mapema.

Upande wa ardhi yenyewe, eneo hili lina bahati. Droni nyingi hupima kimo kutoka pale ziliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake wakati huo. Mahali penye vilima hesabu huharibika: droni iliyoruka bondeni na kubaki kwenye mita 120, ikipita juu ya kilima cha mita 30, iko mita 90 tu kutoka ardhini, na picha yake imeshuka hadi mita 135 kwa 90, chini kidogo ya asilimia 57 ya eneo lililotarajiwa. Tambarare za Wajir huepusha sehemu kubwa ya kosa hilo.

Picha 47 au picha 770?

Hapa ndipo makadirio mengi huharibikia. Kilomita mraba moja ina mita mraba milioni moja. Ukigawanya kwa 21,600 unapata 46.3, na mtu angeweza kusema kwamba picha 47 zinatosha kuimaliza. Kwa kuangalia tu, labda. Kwa kutengeneza ramani inayoweza kupimwa, hazitoshi hata kidogo.

Programu ya kuunganisha picha inahitaji kuona kitu kile kile, kichaka, jiwe au kona ya boma, katika picha kadhaa ndipo ijue zinavyokaa pamoja. Kwa hiyo picha hupandiana, kama mikeka ya kuezekea nyumba ya mfugaji: kila mkeka huulalia mwenzake ili mvua isipenye. Kiwango kinachotumiwa sana ni picha kuilalia iliyotangulia kwa asilimia 80, na mstari wa safari kuulalia mstari wa jirani kwa asilimia 70. Maana yake ni kwamba kila picha mpya huongeza asilimia 20 tu ya urefu na asilimia 30 tu ya upana. Kwa mita 120 hiyo ni mita 24 kwa mita 54, au mita mraba 1,296. Milioni moja ukigawanya kwa 1,296 unapata picha zipatazo 770.

Droni itapita mistari 19 yenye urefu wa kilomita moja kila mmoja, ikipiga picha kila baada ya sekunde 2.4 kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Safari hiyo ni zaidi ya nusu saa, bila kuhesabu kugeuka mwishoni mwa kila mstari. Betri ya droni ya aina hiyo hutangazwa kudumu dakika 30, lakini rubani mwangalifu hupanga kazi ya dakika 20 na kuacha akiba ya kurudi. Kilomita mraba moja, basi, ni betri mbili. Rubani anatakiwa pia kuiona droni yake kwa macho wakati wote, kwa hiyo hata akisimama katikati ya eneo hilo, pembe zake ziko mita 700 hivi kutoka alipo, na droni imekuwa kitone.

Timu yenye betri nane zilizojaa inaweza kumaliza kilomita mraba 4 kwa siku nzuri. Kaunti ya Wajir ina zaidi ya kilomita mraba 55,000. Timu moja ikifanya kazi kila siku bila kupumzika hata Ijumaa, ingehitaji zaidi ya miaka 37 kuipiga picha kaunti nzima mara moja. Kufikia hapo silanga zilizopigwa picha mwaka wa kwanza zingekuwa zimejaa na kukauka mara nyingi.

Yeyote anayesema droni yake imepiga picha wadi nzima kwa siku mbili ana maana nyingine ya “wadi nzima”.

Nzige walionyesha mipaka

Wakazi wanakumbuka mwisho wa Desemba 2019, nzige wa jangwani walipoingia Kenya kutoka Somalia kupitia kaunti za kaskazini mashariki. Mwezi uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitaja kundi moja kaskazini mashariki mwa Kenya lililokadiriwa kufunika kilomita mraba 2,400, yaani kama kilomita 60 kwa 40. Kwa kasi ya kilomita mraba 4 kwa siku, timu moja ya droni ingehitaji siku 600 kupiga picha ardhi hiyo. Kundi la nzige linaweza kusafiri kilomita 150 kwa siku moja.

Kwa hiyo ukubwa wa kundi kama hilo hukadiriwa kwa kuunganisha habari za wachunguzi wa ndege kubwa, taarifa za watu walio ardhini na mahesabu ya nafasi kati ya sehemu moja na nyingine. Droni inafaa kwa kazi nyingine: kufika pale nzige walipotua jioni, kuonyesha ukingo wa kundi lililolala kwenye miti, na kuelekeza wanyunyizaji. Kilomita mraba moja ya kundi inaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, hivyo kukosea ukingo kwa mita mia chache si jambo dogo.

Kwa maeneo makubwa ya malisho kuna setilaiti. Wafugaji wa Wajir waliifahamu kupitia bima ya mifugo: mpango wa serikali wa KLIP ulipoanza mwaka 2015, Wajir na Turkana ndizo zilizotangulia. Bima ya namna hiyo haihesabu ng’ombe waliokufa. Hutazama ukijani wa malisho kutoka angani, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo hutolewa. Nukta moja ya picha za setilaiti zilizotumiwa ilikuwa na mita 250 kila upande, yaani ekari 15 hivi. Picha nzima ya droni iliyopigwa kutoka mita 120 ingeingia ndani ya nukta hiyo moja, na bado nafasi ingebaki ya nyingine karibu mbili.

Hapo pia ndipo manung’uniko huzuka. Setilaiti huona ukijani, na mathenge ni kijani, ingawa si malisho ambayo mfugaji angeyachagua. Nukta ya ekari 15 haitofautishi. Picha ya droni inaweza kutofautisha, lakini kwa eneo dogo tu. Matumizi yenye faida zaidi ni kuziweka pamoja: setilaiti ionyeshe kaunti nzima, na droni ipelekwe kwenye sehemu chache zilizochaguliwa ili kujua ule ukijani ni wa nini.

Kuchagua sehemu hizo kunahitaji uangalifu. Timu hupenda kurukia karibu na kisima au silanga kwa sababu gari hufika huko na watu wako huko. Lakini pembeni mwa kisima wakati wa kiangazi pamejaa wanyama, na ardhi yake imekanyagwa ikabaki uchi. Tuseme picha za hekta 50 kuzunguka kisima zimeonyesha mbuzi 400. Mwandishi wa ripoti akizidisha mbuzi 8 kwa hekta mara eneo lote la wadi, atapata mifugo ambayo haipo duniani. Akitumia picha zile zile kukadiria malisho, atasema nyasi zimekwisha kila mahali, hata kama kilomita 15 mbele kuna uwanda ambao haujaguswa kwa sababu hauna maji. Makosa yote mawili yanatoka kwenye picha ambazo zenyewe ni sahihi. Picha chache zilizotawanywa, nyingine karibu na maji, nyingine mbali, nyingine kwenye laga, zina thamani kuliko mia zilizorundikwa mahali pamoja.

Twiga sita wa Eyrib

Desemba 2021, katikati ya ukame, mpiga picha Ed Ram alipiga picha kutoka juu nje ya kijiji cha Eyrib, katika Hifadhi ya Wanyamapori ya Sabuli, hapa Kaunti ya Wajir. Ilionyesha mizoga ya twiga sita imelala mchangani. Walikuwa wamenasa kwenye matope wakijaribu kunywa maji ya bwawa lililokaribia kukauka, na mizoga yao ilisogezwa ili isichafue maji yaliyobaki. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Sabuli walijua ukame umefika wapi.

Kama ushahidi wa ukali wa ukame, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kama kipimo, picha hiyo inaeleza kipande kidogo tu. Twiga mkubwa ana mita 4 hadi 5 kutoka kwato hadi kichwa, na mizoga sita imejaza sehemu kubwa ya fremu, kwa hiyo ardhi inayoonekana ni ya makumi ya mita. Haisemi ni twiga wangapi walikufa hifadhini kote, na wala haikupigwa kwa kusudi hilo. Picha inayogusa moyo na picha ya kupimia ni vitu viwili, na kijiji chenye shida kinaweza kuhitaji zote mbili.

Matope yaliyowanasa wanyama hao yanaonyesha pia jambo ambalo droni haiwezi kuliona: kina. Chukua silanga inayofunika theluthi moja ya picha iliyopigwa kutoka mita 120. Theluthi ya mita mraba 21,600 ni 7,200. Kama kina cha wastani ni mita moja, kuna maji mita za ujazo 7,200, sawa na lita milioni 7.2. Kama tope limejaa chini na maji ni sentimita 20 tu, kuna lita milioni 1.44. Kutoka juu silanga hizo mbili zinafanana, zote zinang’aa jua. Tofauti hujulikana kwa mtu kuingia na fimbo yenye alama na kupima sehemu kadhaa, kazi ya nusu saa ambayo huachwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Maji yaliyotulia huisumbua pia programu ya kuunganisha picha, kwa sababu hayana alama yoyote ya kushika. Ramani za mafuriko huwa na mashimo pale pale ambapo maji ni mengi.

Jambo jingine la kuangalia ni mlalo wa kamera. Picha inayoonyesha upeo wa macho, mbingu juu na nyumba mbele, inaonekana kubeba nchi nzima. Ni nzuri kwa ukuta wa ofisi. Lakini mita moja iliyo karibu na chini ya picha huchukua nukta nyingi, na mita moja iliyo mbali haichukui hata nukta moja. Hesabu ya kimo mara uwiano haifanyi kazi hapo, na hakuna eneo wala umbali unaopaswa kupimwa kutoka kwenye picha ya namna hiyo bila marekebisho ya kitaalamu.

Ua wa mtu na ardhi ya jamii

Mama aliye uani kwake ana haki ya kuuliza droni inamwona kiasi gani. Kutoka mita 120, kwa kamera iliyoelezwa, uso wenye upana wa sentimita 15 huchukua nukta nne au tano, na kwa kuwa kamera inatazama chini, kinachoonekana zaidi ni shungi. Kutoka mita 30 ni nukta 18. Kamera ikiinamishwa, au ikiwa na lenzi ya kuvuta, uso unaweza kutambulika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu picha zinazoweza kumtambulisha mtu, na malalamiko hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Timu yenye adabu hutangaza mapema siku, saa na kimo, ili watu wajue.

Kuhusu mipaka, picha ya droni si hati ya kumiliki ardhi, hata ikiwa na rangi nzuri kiasi gani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, na mpaka unaotambulika kisheria huwekwa na mpimaji aliyeidhinishwa. Ramani ya droni inaweza kumsaidia mpimaji huyo na wazee kukaa mezani wakitazama mti ule ule na laga ile ile, jambo ambalo peke yake limepunguza maneno mengi.

Ramani iliyotengenezwa kwa kazi ya umma inaweza kuombwa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la mwananchi ndani ya siku 21.

Rula na gari

Mkazi aliyepewa picha iliyochapishwa, bila maelezo ya kimo wala kamera, bado ana njia. Atafute kitu anachojua urefu wake. Gari la Land Cruiser lina urefu wa karibu mita 5. Tuseme picha ina upana wa sentimita 27 kwenye karatasi, na gari linapimwa milimita 7.5 kwa rula. Milimita 270 ukigawanya kwa 7.5 unapata 36: upana wa picha ni magari 36, au mita 180. Ndiyo picha ya kimo cha mita 120 kwa kamera ya uwiano wa 1.5. Kama ripoti inasema picha hiyo moja imefunika kijiji chenye upana wa kilomita moja, kuna jambo la kuuliza katika kikao cha ushirikishwaji wa umma.

Pasipo na gari, mpango ufanywe kabla droni haijapaa. Mitungi miwili ya njano ya lita 20 iwekwe mahali peupe, ikitenganishwa na kamba iliyopimwa ya mita 50, na isiondolewe hadi kazi iishe. Kwa kimo cha mita 120 kila mtungi utaonekana kama kidoa cha nukta kumi hivi, njano juu ya mchanga mwekundu, na umbali kati ya vidoa hivyo viwili utakuwa rula ya kila mtu atakayeishika picha hiyo baadaye.